Mwezi wa nani? Namna ya kumwonyesha mtoto tofauti ya mwezi na sayari

Mjukuu wangu Mwanaidi ana miaka 11 na tayari ni shangazi. Kaka yake mkubwa alipata mtoto mwaka jana, na tangu siku ile binti hashikiki. Kichanga kikilia tu, yeye yuko mbele: "Nipeni mwanangu, shangazi yake nipo." Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililoninasua aliponibana kwa swali.

Swali alikuja nalo kibandani kwangu Tanga, Ngamiani, Barabara ya Nane, ninapotengeneza saa. Siku hizi kazi kubwa ni kubadilisha betri, lakini siku ile nilikuwa nimepata saa ya kutia ufunguo, lensi iko jichoni, springi nimeishika kwa kibano. "Shikamoo babu. Babu, mwezi ni duara kama Dunia, una milima kama Dunia. Mbona wenyewe si sayari?" Nikamwambia ngoja kidogo, mama. (Namwita mama kwa kuwa amechukua jina la mama yangu mzazi.) Alipokwenda zake nikajua kwamba springi ilikuwa kisingizio. Nilichokuwa nacho kichwani ni ule mstari wa shuleni: sayari huzunguka Jua, mwezi huzunguka sayari. Mstari ni wa kweli, ila mtoto aliyeukariri ukimpeleka pwani usiku, ukamwonyesha vimulimuli vinne juu, hawezi kukwambia kipi ni kipi.

Haya hapa chini ndiyo tuliyoyafanya mimi naye kwa majuma kadhaa, uani nyumbani na ufukweni Sahare. Unahitaji chungwa, ndimu, gololi, kungumanga mbili, kamba, daftari, na ukibahatika darubini ya macho mawili.

Anza na neno lenyewe

Kiswahili chetu kimelitwisha neno "mwezi" mizigo mitatu. Kwanza ni jina la kile kinachochomoza upande wa Pemba jua linapotua, siku ya mwezi mpevu. Pili ni zile siku 29 au 30 ambazo mwenye nyumba hazisahau. Tatu ni cheo, na cheo hiki ndicho kinachowachanganya watoto. Mwanaidi aliposoma kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi zaidi ya 90 alikokotoa pembeni ya daftari akapata miaka saba na nusu. Alidhani ni umri. Mtoto wako akikosea hivyo usimcheke. Mimi nilicheka, akasusa chai.

Nilipomaliza kumbembeleza nikamuuliza, "Wewe ni shangazi?"

"Ndiyo."

"Wa nani?"

"Wa Bakari."

"Na mtu asiye na kaka wala ndugu, mtu mzima kabisa, naye ni shangazi?"

Akafikiri. "Watu wanaweza kumwita kwa heshima. Lakini si shangazi wa mtu."

Hapo hapo. Mwezi ni neno la ukoo mmoja na shangazi: halisimami bila "wa". Ukitajiwa mwezi wowote, uliza ni wa nani. Huu wetu ni wa Dunia. Ganymede ni wa Mshtarii. Titan ni wa Zohali, Phobos ni wa Mirihi, Triton ni wa Neptune. Kitu kinacholizunguka Jua kivyake, bila kushikwa mkono na mwingine, hicho si mwezi hata kiwe kidogo kama kisiwa cha Toten pale bandarini.

Neno "sayari" nalo lina habari yake. Limetoka Kiarabu, kwenye maana ya kwenda, kusafiri. Watu wa kale waliona nyota zote zimekaa mahali pake vizazi na vizazi, isipokuwa saba zinazotembea kati ya wenzake: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Ndiyo, Mwezi ulikuwamo. Mwanaidi angeuliza swali lake kabla ya Copernicus kuchapisha kitabu chake cha kuliweka Jua katikati, mwaka 1543, wengi wangemjibu kwamba mwezi ni sayari, na Dunia ndiyo isiyokuwa sayari. Jua lilipowekwa katikati, Dunia ikapanga foleni na wasafiri wengine, na Mwezi ukabaki ukimzunguka mwenyeji wake. Mwezi wenyewe haukupungua wala kuongezeka. Jibu la "wa nani" ndilo lililobadilika.

(Daftarini mwa Mwanaidi Utaridi imeandikwa Zebaki. Mimi nimezoea zebaki kuwa ile maji ya fedha ndani ya kipimajoto, kwa hiyo humu nitaendelea na Utaridi. Mtihani ukifika afuate daftari lake.)

Chungwa, gololi na kamba

Chukua chungwa la Muheza la upana wa sentimita 8 hivi. Hiyo ni Dunia. Upana wa Dunia ni kilomita 12,742, wa Mwezi ni 3,474, kwa hiyo Mwezi wako unatakiwa uwe wa sentimita 2 na kidogo: gololi kubwa. Weka chungwa mchangani, mpe mtoto gololi, umwambie aiweke pale anapodhani Mwezi ulipo. Usimsaidie.

Ataiweka shibiri moja kutoka kwenye chungwa. Wote huiweka hapo, na hata baba zao. Picha za vitabuni zimetuharibu: karatasi ni ndogo, basi mchoraji huuweka Mwezi ubavuni mwa Dunia kama kifaranga. Sasa chukua kamba upime machungwa 30 yaliyopangwa mstari mmoja, maana Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 kwa wastani. Kwa chungwa letu ni mita 2.4, mikono mitano na ushei. Mwanaidi alipoipeleka gololi mpaka mwisho wa kamba alisimama akaitazama, kisha akasema, "Mbali hivi, na bado inamfuata?"

Hilo ndilo swali zuri kuliko la kwanza, ila kabla ya kulijibu kamilisha picha. Jua kwa kipimo hiki ni duara la karibu mita 9, pana kama nyumba, tena liko karibu kilomita moja kutoka hapo ulipo. Usijaribu kulitengeneza, mwonyeshe mtoto paa la nyumba ya mbali. Kisha mwambie chungwa linalizunguka lile paa kwa mwaka mmoja, na gololi inalizunguka chungwa kwa siku 27 na theluthi, huku zote mbili zinakwenda. Kwa hiyo Mwezi nao unalizunguka Jua? Unalizunguka. Kondakta wa basi la Korogwe hutembea ndani ya basi mbele na nyuma akikusanya nauli, na Korogwe anafika. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni kondakta wa basi hili, wala hatasema ni msafiri wa Korogwe.

Ndimu ni Mirihi, sentimita 4 na kidogo. Mwezi wake Phobos una upana wa kilomita 22 tu hivi. Kwa kipimo chetu ni chembe ya mchanga laini, tena uishikilie karibu na ngozi ya ndimu, pasipofika sentimita 4. Chembe hiyo huimaliza duru yake kwa saa 7 na dakika 39, wakati Mirihi yenyewe huchukua saa 24 na nusu hivi kujigeuza mara moja. Ndiyo maana mtu akisimama Mirihi ataona Phobos ukichomoza magharibi na kutua mashariki. Mwezi huu na mwenzake Deimos aliviona Asaph Hall mwaka 1877. Havina hata umbo la duara. Ni kama viazi mbatata. Na bado ni miezi, kwa kuwa vina wa kuvijibia.

Sasa kungumanga. Ile ndogo, ya sentimita 3, ni Utaridi, sayari kamili. Ile nene kidogo ni Ganymede, mwezi wa Mshtarii. Ganymede una upana wa kilomita 5,268, Utaridi 4,879. Nilidhani hapa ndipo nitakapotoa hotuba. Mwanaidi aliziangalia, akasema, "Sawa. Mimi ni shangazi na kuna mama mtu mzima si shangazi." Akaendelea kula chungwa. Nikaongeza tu kwamba ukizipima kwa mizani Utaridi ni nzito zaidi ya mara mbili, kwa kuwa Ganymede una barafu nyingi ndani yake na Utaridi ina chuma.

Usiku huo pia tulisafisha kosa jingine ambalo watoto wengi wanalo, kwamba sayari ni ile yenye mwezi. Utaridi haina hata mmoja. Zuhura haina hata mmoja.

Mzungushe mtoto

Turudi kwenye lile swali: mbali hivi, na bado inamfuata?

Nendeni kwenye mchanga ulioloweshwa na maji yanayokupwa, pale unapoacha alama. Mshike mtoto mikono yote miwili, umzungushe mpaka miguu yake inyanyuke. (Goti langu halikuruhusu, nikamkodi mvuvi kijana. Ilikuwa mbalamwezi, na wavuvi wa taa usiku wa mbalamwezi hawana haraka.) Mkichoka, tazameni mchanga. Mtoto ameruka duara kubwa. Yule aliyemzungusha naye hakusimama wima mahali pamoja: visigino vyake vimechimba kiduara kidogo. Alilazimika kuegemea nyuma ili mtoto asimwangushe.

Dunia na Mwezi ni hivyo hivyo. Mwezi ni mwepesi mara 81 kuliko Dunia, kwa hiyo Mwezi ndio unaoruka, lakini Dunia nayo inachimba kiduara chake. Kitovu wanachokizunguka wote wawili kiko ndani ya Dunia, kilomita 1,700 hivi chini ya miguu yetu. Mikono inayowashika ni mvutano, nguvu ile ile inayoangusha nazi. Mwezi unaanguka kuelekea Dunia kila dakika, ila unakwenda ubavu kwa kasi ya kilomita moja kwa sekunde, basi kila unapoanguka unaikosa.

Halafu waite watoto wawili wa kimo kimoja, washikane mikono wazungukane. Hapo hakuna anayebaki katikati. Kitovu kiko hewani kati yao. Pluto na mwezi wake Charon wako hivyo, kitovu chao kiko nje ya Pluto kabisa. Ukiniuliza mimi, neno "mwezi" kwa Charon linakaa kama koti la kuazima.

Pwani tuna ushahidi wa mvutano ambao mtu wa bara hana. Mwulize mvuvi yeyote wa Sahare kwa nini maji leo yamejaa kama dakika 50 nyuma ya jana, atakwambia mwezi nao umechelewa kama hivyo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, Jua na Mwezi huwa mstari mmoja, yanakuja maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kwa pembe, tunapata maji mafu. Bamvua likipwa Tanga, bahari hushuka zaidi ya mita tatu, na kina mama wanakwenda kutafuta pweza mahali ambapo asubuhi ngalawa zilipita.

Kuvutana huku kuna gharama, na fundi saa hawezi kuipita kimya. Maji yanayojaa na kupwa yanaisugua Dunia kama breki. Siku inarefuka, takriban milisekunde 2 kwa kila miaka 100. Na Mwezi unajitenga nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Hilo si la kukisia: wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo huko mwaka 1969, na wataalamu hupiga mwanga wa leza ukarudi, wakapima muda. Mwezi wenyewe ulishapigwa breki zamani mpaka ukabaki unatuonyesha uso mmoja tu. Dunia ni saa inayochelewa, basi. Ingeletwa kibandani ikiwa siku yake inarefuka milisekunde 2 kwa karne ningemrudishia mwenyewe bila kuifungua.

Darubini, na miezi minane ya uongo

Sasa sehemu niipendayo. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50 inatosha; hata 7x50 itakufaa hewa ikiwa safi. Kabla ya yote mwambie mtoto, na umrudie mara tatu: darubini haielekezwi kwenye Jua, hata kwa mchezo, hata jua likiwa linazama. Jicho likiungua halina spea.

Anzeni na Mwezi wa nusu; mpevu hungojea. Kwenye mstari unaotenganisha mwanga na giza vivuli ni virefu na mashimo yanaonekana kama chapati iliyovimba. Mwezi mpevu unang'aa mno, hauna vivuli. Na kwa kuwa Tanga iko karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala kama mtumbwi, hausimami kama upinde ule wa kwenye picha za Ulaya. Mwanaidi alidhani kitabu kimekosea. Hakikukosea, waliochora wanakaa kwingine.

Kisha tafuteni Mshtarii. Hung'aa kuliko nyota zote, mwanga wake ni mweupe wa maziwa na umetulia, haukonyezi. Zuhura huishinda kwa mwanga, lakini Zuhura haiendi mbali na Jua: utaiona jioni magharibi au alfajiri mashariki, kamwe hutaiona saa sita ya usiku. Ukiona kimulimuli kikubwa kimetulia juu usiku wa manane, weka dau lako kwa Mshtarii. Kuna majuma kadhaa katika mwaka Mshtarii hujificha upande wa Jua, subira.

Usishike darubini mkono mtupu. Egemeza viwiko kwenye ubavu wa ngalawa iliyopandishwa ufukweni. Utaona kidonge cheupe, na ubavuni mwake nukta mbili, tatu au nne zimejipanga mstari mmoja. Hiyo ndiyo miezi minne mikubwa: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Kwetu huku, Mshtarii ikiwa ndiyo kwanza inachomoza baharini, mstari huo husimama kama shanga kwenye uzi ulioning'inizwa. Ikifika utosini mstari umelala mashariki na magharibi.

Hapa nikiri jambo. Usiku wa kwanza tulihesabu miezi minane. Nilijaa fahari, nikawaita hata wavuvi waje waone. Darubini nilikuwa nimeinunua mnadani kwa mtu aliyeapa kwamba ilikuwa ya nahodha wa meli, na siku mbili nzima mtaa wa jirani ulijua Mshtarii ina miezi minane inayoonekana. Usiku wa tatu Mwanaidi akafunga jicho moja. "Babu, imebaki minne." Vioo vya ndani vilikuwa vimepishana, kila jicho linaona Mshtarii yake. Nilivirekebisha kwa bisibisi ndogo ya saa, kuna viskurubu viwili vimefichwa chini ya ngozi ya darubini. Kwa hiyo kanuni ni hii: ukihesabu vingi kuliko vinne, funga jicho moja kwanza.

Ikibaki mitano hata kwa jicho moja, mmoja ni nyota iliyopita nyuma. Utaijuaje? Chora leo, chora kesho, chora kesho kutwa. Mshtarii inatembea kati ya nyota, na miezi yake inakwenda nayo, nyota huachwa. Sijapata njia bora ya kumfanya mtoto alione neno "wa" kwa macho yake. Tulikuwa na nukta ya tano upande wa kulia, na usiku wa nne ilikuwa imebaki nyuma kama mtu aliyekosa basi. Mwanaidi akaandika pembeni yake: "si wa mtu".

Kazi hii ndiyo aliyoifanya Galileo Galilei mwezi Januari 1610. Tarehe 7 aliona nukta tatu, akazidhania nyota. Usiku uliofuata zimehama, kufikia tarehe 13 ameona ya nne. Hapo ikadhihirika kuna vitu visivyoizunguka Dunia wala kulizunguka Jua moja kwa moja, vina mwenyeji wao mwingine. Mpaka siku ile mwezi ulikuwa mmoja, ukawa jina. Baada yake ukawa cheo.

Na mimi kilichonikamata ni mwendo wake. Io humaliza duru kwa siku 1 na saa 18 na nusu hivi. Europa, siku 3 na saa 13. Ganymede, siku 7 na saa 4 kasoro. Gawanya uone: Europa inapozunguka mara moja Io imezunguka mara mbili, na Ganymede unapozunguka mara moja Io umezunguka mara nne. Moja, mbili, nne, kama magurudumu ya meno yaliyokatwa na fundi mmoja, na meno yenyewe hakuna, kuna mvutano tu. Nimefungua saa kwa miaka arobaini na sijaona mashine isiyogusana ikaenda sawa hivyo. Kukutana huko kwa mara kwa mara kunauvuta na kuuachia Io, na mvuto wa Mshtarii unaukanda. Chukua waya ukunje ukunjue haraka haraka, uguse pale unapokunjwa: ni moto. Io umepata joto la namna hiyo, na mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kilipiga picha volkano zake zikitema. Mwezi wetu hauna moto huo. Kuwa wa nani kunabadilisha hata tumbo la mwezi.

Mwaka 1676 mtaalamu wa nyota Ole Rømer aliona Io unachelewa kuingia na kutoka kivulini mwa Mshtarii kadiri Dunia inavyokuwa mbali nayo. Fundi wa haraka angelaumu saa. Yeye akasema mwanga ndio unaochukua muda kufika. Na Christiaan Huygens, aliyegundua Titan mwaka 1655, ndiye huyo huyo aliyetengeneza saa ya timazi mwaka uliofuata. Picha yake ningeitundika kibandani kama ningeipata.

Wale wasioingia kwenye kisanduku

Mtoto mwerevu atauliza habari za Pluto. Mwaka 2006 wanaastronomia walikutana Prague wakaweka masharti matatu ya sayari: ilizunguke Jua, uzito wake uwe umeifinyanga ikawa duara, na iwe imeifagia njia yake. Pluto imeshinda mawili ikashindwa la tatu. Njiani mwake kuna wapangaji wengi. Sasa inaitwa sayari kibete. Ina upana wa kilomita 2,377, ndogo kuliko Mwezi wetu, na ina miezi mitano. Maana yake hata asiye sayari anaweza kuwa na miezi. Hata jiwe: mwaka 1993 chombo cha Galileo kiliipita asteroidi Ida kikakuta ina kijimwezi cha kilomita moja na nusu hivi, kikaitwa Dactyl.

Miezi haikupata wenyeji wake kwa njia moja. Ile minne ya Mshtarii inadhaniwa ilizaliwa pamoja nayo, kutoka vumbi lile lile. Wetu, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ulitokana na Dunia changa kugongwa na kitu kikubwa, miaka kama bilioni 4.5 iliyopita, na mabaki yakajikusanya. Triton wa Neptune unazunguka kinyume na mwenyeji wake anavyojigeuza. Inaonekana ulikuwa msafiri wa Jua kama Pluto, ukapita karibu, ukanaswa. Mwanaidi alimwita "yule aliyelowea". Uliwahi kuwa wa kujitegemea, leo ni mwezi. Idadi usimfanye mtoto aikariri, kwa sababu inapanda: Machi 2025 miezi ya Zohali iliyotambuliwa ilifika 274.

Daftari

Chora mistari minne tu: tarehe, saa, mchoro, maoni. Mshtarii iwe duara katikati, miezi iwe nukta, kulia na kushoto vile vile mnavyoona. Usiandike majina ya miezi mpaka zipite wiki mbili; mtoto atakuja kuyatambua mwenyewe kwa mwendo. Callisto ndio unaokwenda mbali na kukawia, siku 16 na saa 16 na nusu kwa duru moja, na kwa darubini ndogo ndio rahisi kuutenga ukiwa mbali. Ganymede unang'aa kuliko wenzake na unarudi palepale baada ya wiki, basi tunautumia kama kengele ya Ijumaa. Io ni mgumu, hujibana kwenye mwanga wa Mshtarii.

Usiku wa mawingu andikeni "mawingu". Mwanaidi usiku mmoja alisinzia, asubuhi akachora cha kubuni: miezi miwili huku, miwili huku, na Ganymede akauweka mwisho kabisa wa kulia. Jioni yake tulipotazama, ule unaong'aa zaidi ulikuwa mwisho kabisa wa kushoto, safari ambayo huichukua siku tatu na nusu. Aliangalia mchoro, akaangalia juu, akaniangalia mimi. Sikusema neno. Ukurasa haujachanwa, pembeni yake, kwa wino mwekundu, ameandika "hii siku nililala".